Waliokuwa Wakisubiri Samaki

(Hotuba iliyotolewa na mwalimu mstaafu wa jiografia kwa wavuvi, wachuuzi wa dagaa na wazazi katika mwalo mmoja wa Mwanza, tarehe 5 Novemba, siku ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kwa ajili ya kuwaelimisha watu kuhusu tsunami.)

Ndugu Mwenyekiti wa BMU, kikundi chetu cha kusimamia mwalo, Mwenyekiti wetu wa mtaa, wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wavuvi na wachuuzi, na ninyi wanangu mliojipanga juu ya mitumbwi iliyopinduliwa pale: mwangaluka! Wazee, shikamooni. Nanyi mlioingia alfajiri hii kutoka majini, mkaja kukaa hapa kabla hata ya kulala, poleni sana na kazi.

Nimeombwa nizungumzie tsunami. Nilipokuwa napita pale kwenye chanja, mama mmoja aliyekuwa anageuza dagaa aliniuliza, "Mwalimu, tsunami na sisi wa ziwani wapi na wapi?" Nilimwahidi kumjibu mbele yenu wote, na nitaanza na jibu lake ili asiwepo mtu wa kuondoka hapa na hofu ya bure. Wimbi lile la mwaka 2004 lililosomba vijiji vya Bahari ya Hindi haliwezi kufika hapa. Ziwa letu hili la Victoria limekaa mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kati yetu na pwani imelala nchi nzima. Tena ziwa hili ni la kina kifupi. Pale penye kilindi kabisa ni kama mita 80 hivi, wakati bahari ile ilipopasuka ina kina cha maelfu ya mita. Mama yangu, kwa hilo lala usingizi.

Lakini nisingewakalisha juani kwa jambo lisilowahusu. Nimekuja kwa sababu waliokufa siku ile walikuwa watu wa kazi hii yenu, kwenye fukwe zilizofanana na hapa tulipokaa. Wavuvi wako majini. Kina mama wako mchangani na mabeseni yao, wanasubiri samaki. Watoto wanacheza kando ya mitumbwi. Na maji yakaja.

Kwanza hilo neno. Ni neno la Kijapani: tsu ni bandari, nami ni wimbi. Wimbi la bandarini. Wajapani waliliita hivyo kwa sababu mvuvi alikuwa anarudi kutoka baharini, hajaona dhoruba wala hajahisi chochote cha ajabu, na anapokaribia nyumbani anakuta bandari yake haipo. Mke hayupo, nyumba haipo, mti uliokuwa alama yake ya kuingilia haupo. Nawaomba mlishike hilo la mvuvi aliyeko majini asihisi kitu, kwa sababu nitalirudia.

Asubuhi ya tarehe 26 Desemba 2004, siku ya Jumapili, saa 2 kasoro dakika moja kwa saa za huko, sakafu ya bahari magharibi ya kisiwa cha Sumatra nchini Indonesia ilipasuka. Wataalamu walilipima tetemeko lile kuwa la kipimo cha 9.1. Ufa wenyewe ulikimbia kilomita kama 1,300, yaani ukipanda basi hapa Mwanza ukashuka Dar es Salaam bado hujaumaliza. Upande mmoja wa sakafu ile uliruka juu kwa mita kadhaa, na maji yote yaliyokuwa juu yake yakainuliwa pamoja nao. Maji hayakai yakiwa yameinuka. Yakaanza kutawanyika pande zote.

Ninyi mnayajua mawimbi kuliko mimi. Wimbi la upepo ni la juujuu. Ukipiga mbizi mita chache, chini kumetulia. Hili lilikuwa maji yote, kuanzia sakafuni hadi juu, yanasogea kwa mwendo wa ndege ya abiria. Na huko kwenye kilindi lilikuwa dogo sana kwa macho. Setilaiti iliyopita juu ya bahari muda wa saa mbili baadaye ilipima mwinuko wa sentimita 60 hivi, ulioenea kwenye upana mkubwa kiasi kwamba mtu ndani ya mashua asingeweza kuuona. Wimbi linapofika maji haba ndipo linapobadilika. Sehemu ya mbele inapunguza mwendo, ya nyuma bado inasukuma, maji yanarundikana na kupanda. Halafu halivunjiki likaisha kama mawimbi mliyozoea. Linaendelea kuingia, dakika tano, dakika kumi, kama kwamba bahari yenyewe imeamua kuhamia nchi kavu. Likishaingia, linarudi, na lingine linafuata, na hilo la pili au la tatu laweza kuwa kubwa kuliko la kwanza.

Kule Aceh, mkoa wa Sumatra uliokuwa karibu zaidi, watu walikuwa na dakika zipatazo ishirini. Katika baadhi ya sehemu za pwani ile maji yalipanda zaidi ya mita 30. Kijiji cha Lampuuk, kilichokuwa tambarare mbele ya bahari, kilifutika chote ukabaki msikiti peke yake. Katika mji wa Banda Aceh, meli ya kuzalisha umeme yenye uzito wa tani 2,600 iliondolewa baharini ikasukumwa kilomita kadhaa ndani ya mji, ikakaa katikati ya nyumba za watu. Ipo hadi leo palepale. Wameifanya kumbukumbu, kwa maana hakuna aliyeweza kuirudisha.

Watu hudhani maji yanaua kwa kuzamisha tu. Mtu anayejua kuogelea anajiambia ataogelea. Wanangu mlio juu ya mitumbwi, nisikilizeni hapa, maana najua wote mnaogelea kama sato. Maji yale hayakuwa maji matupu. Yalikuwa yamebeba bati, mbao zenye misumari, magari, magogo, vipande vya kuta, mitumbwi ya jirani. Aliyekuwa ndani yake alikuwa kama nafaka kinuni. Na aliyenusurika yalipoingia alikutana nayo yakirudi, yanavuta kila kitu kuelekea baharini.

Yalipoondoka, kilichobaki kilikuwa msiba wa namna nyingine. Visima vilijaa chumvi, na mashamba ya mpunga yakawa meupe. Mipaka ya viwanja ilifutika, hata mtu akirudi kijijini kwake hakujua alipokuwa analala, na karatasi za kuthibitisha kuwa kiwanja ni chake nazo zilikuwa zimekwenda na maji. Mashua, nyavu, injini, vyote vimevunjika, kwa hiyo hata yule mvuvi aliyebaki hai alibaki bila mkono. Wafu walikuwa wengi mno kuoshwa na kuzikwa mmoja mmoja. Mahali paitwapo Siron walizikwa makumi ya maelfu katika makaburi ya pamoja.

Sisi wa Mwanza hatuhitaji kuelezwa kaburi la pamoja ni nini. Tunalo Igoma, walikolala ndugu zetu wa MV Bukoba tangu Mei 1996. Na wenzetu wa Ukara wanalo la kwao la Septemba 2018. Mnajua mama anavyosimama mbele ya kaburi la pamoja asijue aweke maua upande gani. Zidisheni huzuni hiyo. Katika nchi kama 14 walikufa watu wapatao 230,000.

Sasa narudi kwenye lile nililowaomba mlishike.

Miezi michache baada ya msiba, shirika la Oxfam lilikwenda kuhesabu walionusurika. Katika vijiji vinne vya wilaya ya Aceh Besar walikuta watu 676 waliobaki hai. Kati yao wanawake walikuwa 189 tu. Yaani pale alipobaki hai mwanamke mmoja walibaki wanaume zaidi ya wawili, na katika vijiji vingine hesabu ilikuwa mbaya zaidi ya hapo. Hata huko Tamil Nadu, kusini mwa India, hali ilikuwa hiyohiyo.

Kwa nini? Mvuvi aliyekuwa mbali majini aliinuliwa kidogo akashushwa, akaendelea na nyavu zake. Mke wake alikuwa ufukweni. Huko India wanawake ndio wanaopokea samaki, wanawachagua, wanawapeleka sokoni, kwa hiyo saa ile wanaume wanakaribia kurudi, ufuo unakuwa umejaa wao. Huko Aceh ilikuwa Jumapili asubuhi, wengi walikuwa nyumbani na watoto. Maji yalipokuja, mama hakukimbia peke yake. Alikuwa na mmoja mgongoni, mmoja mkononi, na anamwita wa tatu. Wengi hawakuwa wamefundishwa kuogelea wala kupanda mti, kwa sababu mtoto wa kike haogelei, mtoto wa kike hapandi mti.

Naangalia mbele yangu hapa. Naona vitambaa vya kichwani zaidi ya kofia. Huu mwalo, saa 1 asubuhi, ni wa nani? Wanaume mnaingia na kutoka, lakini anayekaa hapa tangu asubuhi hadi jioni, anayeanika, anayegeuza, anayepika uji na chapati, ni mwanamke, na mtoto wake yuko chini ya chanja. Hatari yoyote itakayotoka majini, au upepo utakaoezua paa, au moto utakaowaka kambini, itamkuta yeye kwanza. Mipango ya usalama wa ziwani tunayoisikia ni maboya, ni injini, ni kutoingia majini upepo ukichafuka. Yote ni muhimu, wala sipunguzi hata moja. Ninachosema ni kwamba yote ni ya aliye ndani ya mtumbwi.

Niwaambie na langu, ambalo sijalisema mbele ya watu wengi.

Siku hiyo ya tarehe 26 Desemba nilikuwa Dar es Salaam kwa dada yangu. Mchana tuliwapeleka watoto ufukweni, upande wa Msasani, maana ilikuwa sikukuu. Mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo ilikuwa bamvua, na maji yalikuwa yamekupwa mbali. Mara nikaona yanakwenda mbali zaidi. Mashua zilizokuwa zinaelea zikakaa kwenye tope zikalala ubavu. Nanga moja ilibaki nje, imejaa majani ya baharini, kamba yake inachuruzika maji. Watoto wakashangilia, wakakimbilia kule kuokota kaa.

Mimi nilikuwa nimefundisha jiografia miaka mingi. Nilikuwa nimeandika neno tsunami ubaoni kwa chaki, nimechora mishale ya sakafu ya bahari, nimesahihisha madaftari. Nikasimama pale na khanga yangu begani nikiangalia. Sikulijua. Lilikuwa mbele yangu, sikulijua.

Aliyelijua ni mzee mmoja mvuvi aliyekuwa anashona wavu kivulini. Yeye ana saa za maji kichwani. Alisimama, akatazama mara moja tu, akaanza kupiga kelele: "Watoeni watoto! Saa hii maji yanajaa, hayakupwi! Watoeni!" Akakimbia mwenyewe, na umri wake ule, akawashika wawili mkono. Tukakimbia sote. Maji yakarudi yananguruma, yamechafuka rangi ya kahawia, yakagonga ukuta wa juu, yakaondoka tena, yakarudi tena.

Wa kwetu tuliwatoa wote. Wengine jijini hawakubahatika. Katika Tanzania walikufa watu wasiopungua kumi, wengi wao walikuwa wanaogelea. Huko Kenya, ambako habari ilisikika mapema na watu wakaondolewa fukweni, alikufa mtu mmoja. Huko Somalia, kwenye rasi ya Hafun iliyochomoza baharini, na vijiji vya jirani, walikufa karibu watu 300. Wimbi lilikuwa limesafiri muda wa saa saba hivi kutoka Sumatra hadi Somalia, na zaidi ya hapo hadi kwetu. Saa saba! Mtu anatoka Mwanza hadi Singida. Dunia ilikuwa inajua, redio za ng'ambo zilikuwa zinatangaza, na ufuo ule wa Somalia haukupata hata sauti moja.

Nimekaa na aibu ile muda mrefu, na imenifundisha jambo ambalo chuo cha ualimu hakikunifundisha. Maarifa yaliyokaa daftarini hayana miguu. Yule mzee hakuwahi kuliona neno tsunami limeandikwa, lakini alijua maji yake yanavyopaswa kwenda kila saa, na yalipokosea njia, miguu yake ilijua kabla ya kichwa.

Kuna kisiwa kinaitwa Simeulue. Kiko huko huko Sumatra, karibu kabisa na pale bahari ilipoanza kupasuka. Wimbi liliwafikia kwa dakika chache tu. Hakukuwa na king'ora, hakukuwa na simu. Kisiwa kile kilikuwa na watu wapatao 78,000, na nyumba nyingi za pwani zilibomolewa. Waliokufa na wimbi ni watu saba.

Saba, ndugu zangu. Ng'ambo ya maji tu, kwenye pwani kuu ya Aceh, wanahesabu zaidi ya laki moja.

Kilichowaokoa ni neno moja: smong, yaani tsunami kwa lugha yao. Mwaka 1907 kisiwa kile kilipigwa na tsunami iliyoua watu wengi, na wale waliobaki waliapa kwamba wajukuu wao hawatakufa kwa kutojua. Wakaweka habari ile kwenye nyimbo za kubembelezea watoto. Bibi anambembeleza mjukuu huku anamwimbia kwamba ardhi ikitetemeka kwa nguvu, kisha bahari ikarudi nyuma, usiokote samaki, kimbilia mlimani. Wakaimba hivyo miaka 97. Fikirieni uvumilivu huo, kuimba jambo miaka 97 bila kuliona. Wengi walioimba walikufa uzeeni wasilione kabisa. Halafu asubuhi moja ardhi ikatetemeka, mtu mmoja akapaza sauti, smong, na kisiwa kizima kikapanda mlimani, wazee migongoni mwa vijana.

Hata hii tarehe ya leo, 5 Novemba, ina kisa chake. Mwaka 1854, katika kijiji cha Hiro nchini Japani, tetemeko lilitokea na giza likawa linaingia. Kiongozi mmoja wa kijiji, Hamaguchi Goryo, alielewa kinachokuja. Watu walikuwa bondeni, hawaoni njia. Akachukua moto, akachoma marundo ya mpunga yaliyokuwa juu mlimani, ili watu waone mwanga na kujua pa kukimbilia. Ninyi mnaolima mpunga Magu na Misungwi mnajua rundo la mpunga ni nini kwa mkulima. Aliuchoma. Baadaye akatumia mali yake kujenga ukuta wa kukinga kijiji.

Mimi napenda kisa hicho kwa sababu moto wenyewe ulikuwa mlimani. Hakusimama ufukweni kuwaambia watu bahari ni hatari. Aliwaonyesha pa kwenda.

Tanzania yetu nayo ina kumbukumbu yake, ila ilikuwa imefukiwa. Huko Pangani, kwenye mkoa wa Tanga, watafiti walichimba karibu na mdomo wa mto wakakuta tabaka la mchanga lililoletwa na bahari kwa nguvu, na ndani yake mifupa ya watu, vipande vya vyungu na shanga. Habari zake zilichapishwa mwaka 2020. Ni tsunami ya miaka kama 1,000 iliyopita, na waliolala pale walikuwa wanakijiji wa pwani, watu wa samaki. Hakuna wimbo uliotufikia kutoka kwao.

Nawaambia haya ninyi wa ziwani kwa sababu vijana wenu hawakai hapa. Huyu anakwenda Dar kwenye bandari, huyu Kilwa kufuata dagaa wa baharini, huyu Zanzibar hotelini, yule Mtwara. Mwanao anayelala pwani ni mtu wa pwani. Siku hizi Bahari ya Hindi ina mfumo wa tahadhari ambao mwaka 2004 haukuwepo, na hapa nchini Mamlaka ya Hali ya Hewa ndiyo inayopokea taarifa hizo na kuzitoa. Ni jambo jema mno. Lakini tetemeko likitokea karibu, wimbi laweza kufika kabla ya ujumbe wa simu. Mpigie mwanao jioni hii. Mwambie: ardhi ikitikisika ukiwa ufukweni, au bahari ikikimbia, au ukisikia mngurumo kama wa ndege kutoka majini, usisubiri kuona, usirudi kuchukua simu, panda juu, na ukifika juu ukae huko saa nyingi. Huko Sri Lanka watu walikimbilia kwenye treni iliyokuwa imesimama mahali paitwapo Peraliya baada ya wimbi la kwanza, wakidhani mabehewa yatawakinga. La pili likayabingirisha. Walikufa zaidi ya 1,000 mahali pale peke yake.

Sasa ziwa letu. Nilisema wimbi lile haliji, na nasimamia hapo. Ila ziwa lina njia zake. Mwaka 2020, baada ya mvua zile nyingi, maji yalipanda hadi kwenye kipimo cha Jinja, kule Uganda, yakasomeka mita 13.42, yakaivuka kwa sentimita moja rekodi ya mwaka 1964, ile ambayo wazee wetu wanaikumbuka na mvua za uhuru. Mnakumbuka wenyewe. Ziwa lilikuja kama mgeni anayebisha hodi. Wiki hii limefika kwenye mizizi ya mti, wiki ijayo kwenye kizingiti, mwezi unaofuata liko chini ya kitanda. Vyoo vikajaa, maji ya choo na maji ya kunywa yakawa ndugu, tukaogopa kipindupindu.

Nilitembelea kambi moja wakati ule. Mama mmoja alikuwa amebeba godoro kichwani, maji yamemfika mapajani, na mtoto wake wa kiume mbele yake amekumbatia saa ya ukutani. Nikamuuliza, "Mbona mmechelewa hivi, mama?" Akanijibu, "Mwalimu, tuliona litarudi." Mama yule hakuwa mzembe. Alikuwa na miezi, na miezi ile ilimdanganya kama dakika zilivyowadanganya wale wa Aceh. Mtu haondoki kwake kwa sababu maji yamesogea. Anaondoka kwa sababu alishajua tangu zamani kwamba yakifika pale, ndiyo saa ya kuondoka.

Ndiyo maana ile sheria ya Usimamizi wa Mazingira, inayozuia shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji, ambayo nayo ilipitishwa mwaka huohuo wa 2004, naiangalia kwa jicho tofauti na wengi wenu. Najua imewaumiza baadhi yenu, na najua ilivyo vigumu kumwambia mtu anayeishi kwa samaki aishi mbali na maji. Mwalo lazima uwe majini, biashara lazima iwe hapa. Nawaomba tu tutenganishe mahali pa kufanyia kazi na mahali pa kulaza watoto. Huko Aneyoshi, Japani, baada ya tsunami ya mwaka 1933, wanakijiji walisimamisha jiwe lililochongwa maneno ya kukataza mtu yeyote asijenge nyumba chini yake. Machi 2011 wimbi lilipanda bonde lile likaishia chini ya jiwe. Nyumba zote zilikuwa juu. Walishuka kuvua, wakapanda kulala.

Na sisi mawe tunayo. Mji gani Tanzania una mawe kuliko huu? Mungu ametupa mwamba kila unapogeuza shingo.

Asubuhi leo, kabla hamjafika, nilitembea kutoka kwenye ile chanja ya mwisho hadi kwenye mwamba ule wenye mkuyu juu yake, mnauona. Nilitumia dakika kumi na mbili. Njia ni nzuri kuanzia kwenye kisima, lakini huku chini niliruka kamba za mitumbwi mara tatu, nikapita kiubavu kati ya mabanda mawili, na mahali pamoja kuna mtumbwi mbovu umelazwa katikati ya njia. Mimi nilikuwa mikono mitupu, mchana, maji yametulia. Mama mwenye mtoto mgongoni, usiku, mvua inapiga, atapitaje pale?

Mwenyekiti, nakushukuru, umeniahidi kwamba mtumbwi ule utaondolewa leo. Nawashukuru na wenye mabanda, ambao wamekubali kusogeza ukuta mmoja. Kuhusu neno la kupazia sauti, sitawachagulia. Hapa kuna Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wakara, Waha. Wazee watakaa jioni, watatupatia neno moja fupi ambalo mtoto wa miaka mitatu anaweza kulitamka, na kina mama watatuambia litaingia kwenye wimbo gani wa kubembelezea.

Hotuba yangu imekwisha. Sasa naomba tusimame sote, wenye mabeseni wayaache hapohapo, tupande pamoja hadi kwenye mkuyu. Mwalimu mwenzangu wa shule ya msingi ameshika saa. Atatangulia yule bibi mwenye fimbo, akifuatiwa na dada aliyebeba pacha, na sisi wengine wote tutakwenda kwa mwendo wao. Haya, bibi, karibu utuongoze.